Yule Mwanamke Aliyeguswa Tena na Kunguru

Shelgaon, 3 Mei 1996

Kwa binti yangu Kalindi, mwenye digrii mbili na ya tatu iko njiani. Baraka za mama yako zikufikie huko Pune, nyingi kuliko punje za mtama ghalani, na mwaka huu ghala limejaa mpaka paka hana pa kulala.

Sisi wazima. Kaka yako Dattu ameuza mbaazi kwa bei nzuri, siku hizi anatembea kama diwani. Mkewe Surekha hajambo, na ulimi wake haujambo pia. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mwalimu wako wa hesabu anakusalimu. Nilimwambia mwanangu siku hizi anahesabu vitu visivyoonekana kwa macho, akabaki anakuna kichwa.

Achari ya embe tumeshatia, mitungi minne. Safari hii ametia Surekha. Mimi nilikaa barazani na goti langu, namwelekeza kwa sauti: chumvi ongeza, haradali punguza, kausha mkono wewe! Kijiji kizima kinanisifu. Wanasema mama mkwe mwenye akili huachia jiko kabla hajanyang'anywa. Waache wasifu, sifa haijai tumboni.

Sasa nisikilize. Juzi bombani wifi yangu Anusaya alitua ndoo, akaniuliza mbele za watu, "Shevanta, huyo binti yako hasa anafanya nini huko? Wa kwangu anajenga madaraja, tunapita juu yake."

Nikamwambia, "Wangu anaua saratani."

"Anaiua na nini? Fimbo?"

Wakacheka. Mimi nikanyamaza, na unajua mama yako kunyamaza ni kazi nzito. Kwa hiyo niandikie, kwa maneno ya nyumbani, si ya chuoni. Nimesoma mpaka darasa la nne, na la nne nilikuwa wa kwanza.

Neno jingine, dogo tu. Kuna mwanamke hapa kijijini, jina usiniulize, wa nyumba yenye heshima. Ana miaka hamsini na minne. Mambo ya kila mwezi yalimwisha miaka sita iliyopita, akashukuru. Tangu Februari kunguru amemgusa tena, damu imerudi. Huja na kuondoka bila hesabu. Na kwa kuwa ni mtu wa kushika mila, damu ikimjia hagusi mtungi wala haingii chumba cha miungu, anakaa kando kama msichana na kusingizia hili na lile. Anauliza kama ni joto la mwaka huu. Nimemwambia ni joto. Wewe unasemaje?

Mama yako,
Shevanta


Pune, 14 Mei 1996

Aai, mama yangu, nainama hadi miguuni pako.

Mimi mzima. Maji hapa hutoka saa mbili kwa siku. Nakula vizuri, usiulize zaidi.

Kazi yangu ni hii. Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo sana. Kila seli ina walinzi, na hao walinzi ni protini. Nakueleza wawili. Wa kwanza ameshika ufunguo wa kuzaliana. Asipouachia, seli haigawanyiki. Wa pili ni mkaguzi. Akiona hitilafu katika maandishi ya seli, husimamisha kazi mpaka irekebishwe. Isiporekebishika, huiamuru seli ife, nayo hufa.

Kuna kirusi kinachoingia katika seli za mlango wa kizazi. Hakina vyombo vyake, kinataka kutumia vya seli ili kijinakili, na walinzi wanakizuia. Basi kinatengeneza protini mbili. Moja humkumbatia mwenye ufunguo, mikono yake ikajaa, ufunguo ukaanguka. Nyingine hufanya jambo ambalo mimi hulitazama kila siku. Haimpigi mkaguzi. Kila seli ina wafagiaji wake, ambao hubandika alama kwenye takataka ili zikatwekatwe. Protini ya kirusi humshika mfagiaji wa seli yenyewe, humpeleka kwa mkaguzi, na mkaguzi hubandikwa alama ya taka. Seli inamwondoa mlinzi wake kwa mikono yake. Kisha inatengeneza mwingine, naye anaondolewa. Kirusi hakikusudii saratani. Saratani ni ajali inayokuja baada ya miaka kumi, ishirini, kwa kuwa makosa yanarundikana na hakuna wa kuyakagua.

Kuhusu yule mwanamke: si joto. Damu ikirudi miaka sita baada ya kukoma, lazima aangaliwe. Huenda ni jambo dogo. Huenda si dogo. Aende hospitali ya mjini mwezi huu.

Goti lako limeanza lini?

Kalindi


Shelgaon, 9 Juni 1996

Kwa Kalindi wangu, fahari ya tumbo langu, baraka.

Mvua ya kwanza imenyesha, Dattu yuko shambani. Ndama tumemwita Pune, kwa heshima yako. Surekha anasema ni tusi. Nimemwambia aliyezaa mtu wa Pune ni mimi, na jina natoa mimi.

Barua yako nimeisoma kwenye mkutano wa wanawake, Jumanne, wanawake thelathini na mmoja. Nilisoma mara mbili. Nikaeleza mlinzi, ufunguo, mfagiaji. Anusaya akafungua mdomo, akaufunga. Hiyo peke yake ilitosha kuwa malipo ya ada yako yote ya chuo.

Mmoja akauliza, "Sasa kwa nini mlinzi hapigi kelele?"

Nikamjibu, "Apige kelele kwa nani? Anayemtoa ni mtu wa nyumba hiyo hiyo!"

Ndipo Surekha, bila kuombwa, akasema, "Kumbe ni kama sisi tukiguswa na kunguru. Hakuna anayetupiga. Tunabandikwa jina tu, tena tunatoka wenyewe na mkeka wetu."

Wasichana wakacheka, wazee wakakohoa. Nikamwambia, "Wewe mdomo wako ungepewa kazi ya ufagiaji, kijiji kingekuwa safi." Lakini nilirudi nalo nyumbani, hilo neno lake.

Halafu akauliza jambo la kukuuliza wewe: hicho kirusi kinaingia kwa njia gani? Kwa maji? Kwa chakula? Niandikie.

Goti ni goti. Usiwe unamchunguza mama yako kama kipande cha kioo cha darubini yako.

Yule mwanamke nimemfikishia maneno yako. Amecheka. Anasema amezaa watoto wanne na kuzika wawili, ameinua magunia, amechimba kisima, kitu kisichoonekana kwa macho kitamfanya nini? Ila amepungua kidogo. Sari anaikunja mara moja zaidi kiunoni.

Mama yako


Pune, 17 Juni 1996

Aai, nainama miguuni pako.

Nimefurahi kwamba maelezo yaliwaelea mkutanoni. Mwambie Surekha swali lake ni zuri kuliko maswali ya wanafunzi wangu.

Kirusi hakipiti kwa maji wala chakula. Hupita baina ya mume na mke, katika kulala pamoja. Nimeandika wazi kwa sababu si jambo la kuzungushwa.

Habari ya maabara: tuna seli za saratani ya mwanamke fulani, zinaishi kwenye sahani. Tulizizimia protini za kirusi, zote mbili. Tulidhani mlinzi alikwisha kufa. Kumbe hakuwa amekufa. Seli ilikuwa inamtengeneza siku zote na siku zote inamtupa. Siku ya pili alionekana. Siku ya nne seli ziliacha kugawanyika.

Lakini hiyo ni sahani. Kwa mwanamke mzima hatuna dawa ya namna hiyo. Tuna kisu na mionzi, na vyote viwili vinategemea siku aliyofika. Miezi minne sasa imepita tangu Februari. Mwambie hivyo, kwa idadi.

Kalindi


Pune, 20 Julai 1996

Aai, nainama miguuni pako.

Mwezi mzima sijapata barua. Dattu ameniandikia kwamba umekwenda kwa miguu Pandharpur na mahujaji, goti na yote. Ameandika pia kwamba Surekha ndiye anayepika, anayewasha taa ya miungu, anayeshika funguo. Dattu anajivunia hilo.

Yule mwanamke alikwenda mjini?

Kalindi


Shelgaon, 2 Agosti 1996

Kalindi, baraka.

Nimerudi Pandharpur salama. Siku tisa kwa miguu, nikawaacha nyuma wanawake wenye nusu ya umri wangu. Hekaluni sikuingia. Nilisimama ng'ambo ya mto, nikakitazama kilele cha mnara, nikaunganisha mikono. Wazee wetu wamesema aliyeona kilele amemwona mungu wetu Vithoba mwenyewe, tena bila kukanyagwa kwenye foleni. Basi nimemwona.

Barua yako ya Juni sikuisoma mkutanoni.

Nilimsomea yule mwanamke, peke yake. Aliisikiliza yote. Kisha akaniomba niitie motoni, nikaitia. Ukiniuliza kwa nini nimekaa kimya, sababu ndiyo hiyo: sikuwa na la kuandika.

Sasa nakupa jibu lake kama alivyolitoa. Mume wake alifariki miaka minane iliyopita. Alivaa shanga za hija tangu ujana, hakunywa, hakumpiga mtu. Kila mwaka miezi mitatu alikwenda Bombay kuuza vitunguu, akarudi na pesa yote na sari moja. Hakuna mtu kijijini hapa aliyewahi kumtaja kwa ubaya. Sasa mkewe akapande kitanda cha hospitali, mtoto wa watu wa miaka ishirini na tano amwangalie, atikise kichwa, aseme, "Ehe, mama, mumeo alikuwa anakwenda wapi?" Picha yake iko ukutani, ina shada la maua. Wajukuu wanaiinamia asubuhi.

Anasema afadhali afe yeye kuliko kumuua yule mara ya pili.

Mimi nimeona ana haki. Usiniandikie mambo ya idadi.

Mama yako


Pune, 10 Agosti 1996

Aai, nainama miguuni pako.

Nilimfahamu mume wake. Alikuwa mtu mwema, na hakuna kipimo kinachobadilisha hilo.

Niliandika vibaya mwezi wa Juni. Niliandika kweli, lakini nusu. Hii ni nusu ya pili. Kirusi hiki humpata karibu kila mtu aliyewahi kuwa na mwenza, walio waaminifu na wasio waaminifu, walau mara moja katika maisha. Mtu mmoja katika ndoa akiwa nacho kabla ya harusi bila kujua, inatosha. Kwa wengi mwili hukifukuza wenyewe. Kwa wachache hubaki kimya miaka thelathini. Hakuna anayeweza kuangalia seli na kusema nani alikileta, lini, wapi. Nina darubini bora kuliko zote za wilaya hii na mimi siwezi. Daktari asiyejua hawezi kutikisa kichwa. Tena hospitali ile anayewaangalia wanawake ni daktari wa kike, Daktari Joshi, ana miaka sitini na wajukuu.

Kama anaogopa kuonekana akienda peke yake, asiende peke yake.

Sitaandika idadi. Unaijua.

Kalindi


Shelgaon, 22 Septemba 1996

Kwa Kalindi, binti wa Shevanta, na dunia yote ijue binti wa nani. Baraka.

Mtama umefika kiunoni. Ndama amekula taulo la Dattu. Mwalimu wa hesabu amefunga ndoa tena, na meno yale!

Sasa kaa chini usome.

Barua yako ya Agosti nilikaa nayo siku kumi. Kisha nikaenda mkutanoni, nikasimama, nikasema hivi: "Binti yangu ameagiza kutoka Pune kwamba kila mwanamke aliyepita miaka thelathini akaangaliwe. Si mgonjwa, mzima. Atakayekataa amemtukana binti yangu, na atakayemtukana binti yangu asije kwangu kuomba unga."

Unisamehe, hukuagiza hivyo. Lakini nani atajua?

Surekha akanong'ona, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mama amezidi. Sasa anatupeleka hospitali kama mbuzi wa mnadani, ili tu amsifie wifi yangu."

Nikasema, "Ndiyo. Na mbuzi wa kwanza ni wewe."

Tukapanda basi wanawake kumi na wawili, pamoja nami. Kondakta akauliza kama tunakwenda harusini. Nikamwambia tunakwenda kwa daktari, rafiki wa binti yangu anayeua saratani. Akatuachia viti vya mbele. Hakuna mtu kijijini aliyejiuliza nani mgonjwa. Wote walijiuliza tu Shevanta atanyamaza lini.

Daktari Joshi ni mama mnene, mikono yake ina joto. Alianza na Anusaya. Alipomwambia atampaka siki huko ndani, kisha atazame kama pana weupe, Anusaya akainuka na sari yake mkononi: "Siki! Nimekuja kuangaliwa au kutiwa achari?" Korido nzima ilicheka. Nesi akaangusha faili la mtu. Anusaya yuko safi kama sahani, na sasa anatangaza kwamba alikwenda wa kwanza, kwa ushujaa.

Kumi walirudi nyumbani. Wawili waliambiwa wasubiri.

Mmoja ni Surekha. Usishtuke. Alikuwa na doa dogo jeupe, si saratani, lakini daktari anasema ni mlango wake. Wakaligandisha kwa baridi kali siku hiyo hiyo, dakika chache, akalia kidogo, tukanunua bangili. Miaka kumi baadaye lingekuwa jambo jingine, ndivyo alivyosema. Njia yote ya kurudi alinishika mkono, huyu mwenye ulimi. Nyumbani aliniletea maji kabla sijaomba. Nadhani anajua kitu, maana juzi alinitandikia kitanda ndani, si barazani, akasema, "Kunguru aende akatafute kazi."

Wa pili ni yule mwanamke. Daktari alikata kipande. Hakuuliza habari za mume. Aliuliza tu, "Tangu lini?" Yule mwanamke akasema, tangu Februari. Daktari akaandika. Hakutikisa kichwa.

Akaambiwa majibu ni wiki mbili. Yule mwanamke akamwambia ana mtu wake Pune, maabara, majibu yapelekwe kwake kwanza, maana huyo atajua kuyasema.

Mama yako


Pune, 5 Oktoba 1996

Aai, nainama miguuni pako.

Daktari Joshi amenipigia simu maabara. Naandika kama alivyosema.

Ni saratani. Iko hatua ya pili: imetoka kidogo nje ya mlango wa kizazi, haijafika ukutani mwa nyonga. Kisu hakifai tena. Mionzi inafaa. Wiki tano za mionzi ya nje, Solapur, siku tano kila wiki, kisha ya ndani kwa siku mbili. Atachoka, ataharisha, hatapenda chakula. Katika kila wanawake kumi wa hatua hii, sita wako hai baada ya miaka mitano. Angekwenda Mei, pengine ningeandika saba au nane. Angengoja mpaka baada ya mavuno, nisingeandika barua hii.

Kipande chake kimeletwa pia hapa, kama desturi, kwa utafiti. Kiko kwenye jokofu, kina namba. Nimempa mwenzangu akishughulikie. Mimi sikuweza kukigusa. Ni mara ya kwanza.

Nimeomba likizo ya wiki sita. Profesa alisema majaribio yataharibika. Nikasema yaharibike. Mwambie yule mwanamke nitakaa naye Solapur, karibu na hospitali. Tutapanga chumba. Nitampikia uji wa mchele. Mwambie mimi najua kupika sasa.

Kalindi


Shelgaon, 11 Oktoba 1996

Kalindi, mwanangu.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa. Surekha alikuwa mlangoni. Alichukua ndoo kutoka mkononi mwangu akaenda bombani yeye.

Dattu nimemwambia jana. Alilia kama alivyolia siku ile alipoanguka mtini. Nikamwambia wewe diwani mzima, futa kamasi, sita ni wengi kuliko wanne, hata darasa la nne wanajua. Anusaya nimemwambia pia. Alikuja na kuku. Amesema tukienda Solapur atanilindia ng'ombe, tena atamkamua mwenyewe, na hatachukua hata kikombe. Hapo nikajua kweli yule mtu wenu ni mgonjwa.

Picha ya baba yako nimeifuta vumbi leo, mwenyewe, kwa mkono wangu. Nimebadilisha maua. Nilimwambia mambo mawili matatu ambayo hayakuhusu.

Tarehe tuliyopewa ni 21. Nguo nimefunga. Nimetia mtungi mmoja mdogo wa achari, najua daktari atakataza, ni wako.

Nimemfikishia yule mwanamke ujumbe wako wote. Anasema usije. Anasema kazi yako ni ya watu wengi na yeye ni mtu mmoja, seli zako zisiharibike kwa ajili ya kizee, Surekha yupo atamsindikiza, ubaki Pune umalize hiyo digrii ya tatu. Alisema hayo kwa ukali, na nimeyaandika kama alivyoyasema.

Hayo ndiyo maneno yake.

Mimi mama yako nasema njoo.